Uzi maalumu wa Japani: kuishi, kusoma na kutembea. Pitia hapa kabla hujafunga begi

MkaaSaitama (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila ikikaribia Aprili na Oktoba, miezi ambayo vyuo vya huku hupokea wanafunzi, ujumbe unamiminika kwangu na maswali ni yaleyale: nimepata skolashipu ya Monbusho, ile ya serikali ya Japani, nibebe nini, mume wangu amehamishiwa Nagoya, nyumba tunapataje, nataka kuja kutembea siku kumi, bajeti ikoje. Kumjibu mmoja mmoja nimechoka. Nayamwaga hapa, na wenzangu mlioko huku mkazie pale nitakapolegeza. Mimi nipo Saitama, kaskazini kidogo ya Tokyo. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikabaki.

Nianze na jambo ambalo mtu wa nyumbani haliamini mpaka limkute. Huku hakuna atakayekufokea. Ukikosea utainamiwa, utaombwa radhi wewe mwenye kosa, kisha shughuli yako itakwama palepale. Kwetu ukikwama dirishani unatafuta mtu, mnaongea, mnaelewana. Huku aliyekaa dirishani hana mamlaka ya kukusogeza nje ya fomu hata nukta moja, na ile sura yake ya huruma isikudanganye kwamba ukibembeleza kidogo atalegea. Kwa hiyo miezi ya mwanzo kazi yako kubwa ni kujua karatasi ipi inaitangulia ipi. Ukiupata huo mpangilio, Japani ni nyepesi kuliko inavyosimuliwa.

Ukishuka uwanja wa ndege wa Narita, Haneda au Kansai na viza ya muda mrefu, uhamiaji wanakupa zairyu kadi hapohapo. Hicho ndicho kitambulisho chako na unatembea nacho kila uendako, hata ukitoka kutupa taka. Polisi ana haki ya kuiomba, na kukutwa huna ni faini inayoweza kufika yeni 200,000. Mtalii asiye na kadi anatembea na pasipoti, nayo ni sheria. Mwanafunzi, usiondoke kaunta kabla hujaomba kibali cha kazi za muda. Wanagonga muhuri nyuma ya kadi. Ukiliacha hilo uwanjani, utalifuata baadaye ofisi ya uhamiaji na kusubiri. Kibali kinakupa saa 28 kwa wiki, na likizo ndefu ya chuo saa 8 kwa siku. Kuna wanaogawa kazi sehemu mbili wakidhani hazionani. Zinaonana kwenye kodi, na siku ya kuongeza viza ndipo hesabu inapowekwa mezani. Halafu maduka ya pachinko, zile mashine za kamari, na baa za wahudumu wanaokaa na wateja ni marufuku kwa mwanafunzi, hata kama kazi yako ni kuosha vyombo jikoni.

Ukishahamia mahali pa kuishi una siku 14 za kwenda kuandikisha anwani. Kata za Tokyo na za miji mikubwa ofisi inaitwa kuyakusho, mijini kwingine shiyakusho. Siku hiyohiyo, jengo hilohilo, malizana na bima ya afya na pensheni. Kwa bima, hospitali unalipa asilimia 30 tu ya gharama. Mwaka wa kwanza mchango wake ni mdogo kwa sababu unakokotolewa kwa kipato cha mwaka uliopita, na wewe mwaka uliopita ulikuwa Dar. Pensheni ni lazima kwa kila mwenye miaka 20 hadi 59, awe mgeni au mwenyeji. Mwanafunzi anajaza fomu ya kuahirisha malipo, uliza gakusei nofu tokurei. Usipoiomba, bili zinakuja, na hakuna atakayekunong'oneza kwamba ulikuwa na njia ya kuahirisha.

Baada ya hapo unakutana na fundo lenyewe. Mwenye nyumba anataka namba ya simu ya Japani. Kampuni ya simu inataka akaunti ya benki. Benki inataka namba ya simu, na benki nyingi zinakuhesabu si mkaazi mpaka utimize miezi sita. Fundo linafunguliwa hivi: anza na anwani rahisi, yaani bweni la chuo, nyumba ya kampuni au nyumba ya kushirikiana ambako kila mtu ana chumba chake na jiko ni la wote. Kisha nenda Yucho, benki ya posta, ndiyo inayopokea wageni wapya kwa urahisi zaidi. Laini ya simu tafuta zile za bei nafuu zinazokubali kadi ya benki ya nyumbani au malipo ya konbini, yaani viduka vya saa 24. Nyumba ya kwako peke yako iwe ya mwisho kwenye foleni.

Na majina, wakuu. Sisi wa majina matatu tunapata tabu huku. Jina lako linaandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, lakini benki, bima na simu wanataka pia namna linavyotamkwa kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Karani mmoja atamwandika Mwanahamisi awe Muwanahamishi, mwingine awe Muwanahamisu, na mshahara unarudi kwa sababu jina la akaunti halilingani na la mwajiri. Amua mwenyewe siku ya kwanza jina lako linaandikwaje kwa katakana na kwa mpangilio gani, liandike kwenye kikaratasi, kikae nyuma ya simu yako. Kila dirisha toa kikaratasi kilekile.

Mengine ulizeni, nitajibu nikitoka kazini.

Kapuku_Msafiri

Mkuu shukrani kwa bandiko. Mimi ni mtalii tu, nakuja na mke wangu mwakani. Kila mtu ananiambia ninunue JR Pass, ile tiketi moja ya kupandia treni za JR kwa siku kadhaa. Ni lazima?

MkaaSaitama

Anayekuambia hivyo alikuja zamani. Oktoba 2023 walipandisha bei, ya siku saba ikatoka yeni 29,650 ikawa 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ni kama 14,000, kwenda na kurudi 28,000. Piga hesabu ya njia zako kwanza. Ukikaa Tokyo, ukaenda Kyoto na Osaka ukarudi, nunua tiketi za kawaida tu. Na mwenye viza ya mwanafunzi au ya kazi asihangaike, pass hiyo ni ya wageni wa muda mfupi.

Ndani ya mji unahitaji kadi ya kugusisha getini: Suica, Pasmo au ICOCA, yoyote inafanya kazi karibu miji yote mikubwa. Uhaba wa chipu uliwafanya wasimamishe kuuza Suica na Pasmo za kawaida mwaka 2023, lakini tangu Machi 2025 zimerudi. Inalipia pia konbini na mashine za vinywaji. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba huwezi kuingilia Tokyo kwa kadi ukatokea Nagoya, hata kwa treni za taratibu. Kila eneo lina mipaka yake, ukivuka unakwama getini mpaka mtumishi akutengenezee.

Begi. Nawajua Watanzania na mabegi ya kilo 23 mawili mawili. Kwenye Shinkansen ya Tokyo kwenda Osaka na kuendelea, begi ambalo urefu, upana na kina vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 lazima uwe umelikatia kiti maalumu. Hakilipiwi zaidi, lakini usipokata mapema unatozwa 1,000. Nafuu zaidi ni kulituma. Uwanjani kuna kaunta za takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo, unaandika anwani ya hoteli, kesho yake begi linakusubiri mapokezi. Wewe unapanda treni na kibegi cha mgongoni.

Kapuku_Msafiri

Na hela? Nibebe dola?

Chai_ya_Maziwa

Naomba nijibu hili, mimi ni Mkenya niko Chiba. Dola achana nazo. Toa yeni kwenye mashine za 7-Eleven au za posta, zinakubali kadi za nje. Ambia benki yako kwanza kwamba unasafiri, ndio wasikufungie kadi. Na beba keshi kila wakati, kwa sababu kliniki ndogo na vibanda vya rameni (tambi za supu) vingi bado ni keshi tu. Dukani pale kwa keshia kuna kisahani, weka pesa hapo badala ya kumpa mkononi. Bakshishi hakuna. Ukiacha sarafu mezani mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie, na utaona aibu wewe.

Treni za mji zinalala. Karibu saa sita usiku ya mwisho imeondoka, na ya kwanza ni kama saa kumi na moja alfajiri. Teksi usiku ni pesa: kuanzia saa nne usiku wanaongeza asilimia 20. Mlango wa teksi usiuguse, unafunguka na kujifunga wenyewe, dereva ndiye anayeubonyeza.

BintiMkunazini

Assalaam alaykum. Kaka Mkaa umetaja karatasi zote ukasahau tumbo! Mimi niko Nagoya, Mzanzibari, na swali la kwanza ninaloulizwa na kila dada anayekuja ni: nitakula nini.

Nguruwe yumo mahali usipomtarajia. Mkate unaweza kuwa na mafuta yake, pudini na peremende zina jelatini, supu ya rameni mara nyingi ni mifupa yake hata kama juu wameweka kuku. Pombe ya kupikia imo kwenye mchuzi mwingi wa tayari. Kabla ya kujifunza Kijapani chochote, zoeza macho yako alama mbili: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Halafu ゼラチン, jelatini. Piga picha, weka kwenye simu, linganisha na nyuma ya pakiti. Programu za kutafsiri kwa kamera zinasaidia lakini kwenye viungo vya chakula hukosea, msizitegemee peke yake.

Kuku: maduka ya Gyomu Super yanauza kuku wa Brazil waliogandishwa wenye alama ya halali, bei ya mwanafunzi. Mbuzi na ng'ombe utapata kwa maduka ya Wapakistani na Wabangladeshi, yapo karibu kila mji mkubwa, na Tokyo nenda Shin-Okubo, kuna kichochoro kizima. Siku hizi wanatuma kwa posta ya baridi mpaka mlangoni. Misikiti ipo: wa Kobe ndio wa mwanzo, wa mwaka 1935, ulihimili vita na ukahimili tetemeko la 1995. Tokyo Camii uko Yoyogi-Uehara, jengo la Kituruki, na Ijumaa kunajaa.

Kwa kusali ukiwa matembezini, viwanja vikubwa vya ndege na baadhi ya maduka makubwa vina chumba. Pasipokuwapo, mimi huomba chumba cha kujaribia nguo nikiwa nimenunua kitu. Sijawahi kukataliwa.

Chai_ya_Maziwa

Dada umesema ukweli. Niongeze upande wa sima. Supamaketi utaona pakiti imeandikwa kitu cha mahindi, nyeupe, laini, ukafurahi. Hiyo ni wanga wa kukaza supu, ukiisonga unapata gundi. Unga mweupe wa kwetu unauzwa na maduka machache ya Waafrika mtandaoni, bei kali. Wengi hutumia unga wa njano wa maduka ya Wahindi, unasonga vizuri ukiuzoea. Mboga chukua komatsuna, kaanga na kitunguu, hutakumbuka sukuma kwa wiki mbili. Na jioni, kama saa mbili hivi, supamaketi zinabandika stika 半額 kwenye nyama, samaki na vyakula vilivyopikwa. Hiyo ni nusu bei. Utawaona akina mama wamejipanga na vikapu wakijifanya hawamwangalii kijana wa stika.

Mbagala_Rangi3

Wakuu samahani kama natoka nje ya mada. Kuna jamaa huku anasema Japani imetupa Watanzania mji unaitwa Nagai na viza ni za bwerere, anataka laki nane ya "kufungua faili". Kuna ukweli?

MkaaSaitama

Mdogo wangu, laki nane yako iache benki.

Nagai ni mji mdogo mkoa wa Yamagata, na uhusiano wake na Tanzania ni wa kweli: ulikuwa mwenyeji wa timu yetu kwa Olimpiki ya Tokyo. Agosti 2025, kwenye TICAD ya tisa, mkutano wa Japani na Afrika, kule Yokohama, JICA, shirika la Japani la ushirikiano na nchi nyingine, wakaitaja miji minne kuwa nyumbani kwa nchi nne za Afrika, Nagai kwa ajili yetu. Ulikuwa mpango wa kubadilishana watu na utamaduni. Habari zikavimba njiani, nyumbani ikaandikwa kama tumekabidhiwa mji, Wajapani nao wakasikia wahamiaji wanaletwa, simu za malalamiko zikafurika ofisi za miji hiyo. Septemba ileile JICA wakaufuta mpango. Viza ya Nagai haikuwahi kuwapo hata siku moja.

Njia za kweli zinajulikana. Skolashipu ya Monbusho unaombea ubalozi wa Japani au kupitia chuo. Mpango wa ABE wa JICA, ule uliotangazwa 2013, unapeleka watu kusoma shahada ya uzamili na kufanya mafunzo kwenye kampuni. Kazi kwa mwenye shahada, kampuni yenyewe ndiyo inakuombea cheti cha kuingilia. Na viza ya ujuzi maalumu, Tokutei Gino, iliyoanza Aprili 2019, inataka ufaulu mtihani wa kazi na wa lugha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoanza kwa kumtumia mtu hela kwenye simu.

Msemakweli_Osaka

Nasoma tu nacheka. Mnaipamba sana hiyo nchi. Mbona hamsemi kuhusu nyumba? Mimi nimeingia kwa dalali na kazi ya kudumu, mshahara mzuri, akapiga simu mbele yangu kwa mwenye nyumba, nikasikia "gaikokujin", yaani mgeni, akakata simu, akainama. Hiyo tena na tena siku nzima. Kwenye treni kiti cha pembeni yangu kinabaki wazi watu wamesimama. Semeni na hayo.

MkaaSaitama

Mkuu uko sahihi, na sikuwa nataka kuyafunika. Kukataliwa nyumba kwa sababu ni mgeni kupo, tena waziwazi. Sababu wanazotaja ni lugha, kelele na hofu kwamba utaondoka nchini bila kulipa. Nyingine hawazitaji.

Kwa wanaokuja, mlango ambao haukatai kwa rangi ni UR, nyumba za shirika la umma. Hawaombi mdhamini, hawana reikin, hawana ada ya dalali wala ya kuongeza mkataba. Wanachoangalia ni kibali chako cha kuishi na kipato au akiba. Majengo mengi ni ya zamani na yako mbali kidogo na stesheni, lakini vyumba ni vikubwa. Kwa nyumba za watu binafsi jiandae na hesabu ya kuingilia: shikikin ni amana, inarudi ikiwa imekatwa usafi, reikin ni zawadi ya shukrani kwa mwenye nyumba na hairudi, kuna ada ya dalali, kampuni ya udhamini, bima ya moto na kodi ya mwezi wa kwanza. Ukijumlisha unaweza kufika kodi ya miezi minne au mitano kabla hujalala humo hata usiku mmoja. Na unaingia chumba kitupu: hakuna jiko, hakuna pazia, mara nyingine hata taa ya darini hakuna.

Suala la kiti treni sina dawa yake. Mimi huweka begi langu hapo.

Mama_Pacha

Jamani mimi taka ndizo zinanitoa roho. Nipo Fukuoka na watoto, mfuko wangu umerudishwa umebandikwa karatasi nyekundu, majirani wote wameuona.

BintiMkunazini

Pole mamangu, hiyo karatasi kila mtu ameshaipata. Kila mji una sheria yake na siku zake, ya Nagoya siwezi kukupa wewe. Nenda ofisi ya mtaa uombe kalenda ya taka, miji mingi wanayo kwa lugha kadhaa na yenye picha. Msingi ni huu: za kuchomwa, yaani mabaki ya chakula na karatasi chafu, zina siku zake, plastiki siku zake, makopo na chupa zake. Chupa ya maji unavua kifuniko na lebo, unasuuza, unaikanyaga. Baadhi ya miji lazima ununue mifuko ya mji wenyewe, inauzwa supamaketi na konbini. Kisha angalia saa. Nyingi mwisho ni saa mbili asubuhi, lakini kwenu Fukuoka ninavyojua taka hukusanywa usiku, kwa hiyo unatoa jioni. Ukiwa mji wa kunguru, funika na ule wavu.

Kochi, godoro, baiskeli mbovu: unapiga simu au kujaza mtandaoni, unapangiwa siku, unanunua stika konbini, unabandika, unaitoa nje. Ukiitupa usiku kimyakimya kamera ipo.

Na mtalii asishangae kukosa pipa la taka mitaani. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini za Tokyo mwaka 1995. Tembea na kimfuko, takataka yako urudi nayo hotelini.

Chai_ya_Maziwa

Baiskeli iliyotajwa hapo juu, naomba niiongelee kwa sababu vijana wanashikwa sana. Kila baiskeli ina stika ya usajili wa polisi. Rafiki yako akirudi kwao akakuachia yake, usiipande hivyohivyo. Mwende pamoja duka la baiskeli mbadilishe jina, au akuandikie barua ya kukupa pamoja na karatasi ya usajili. Polisi akikusimamisha usiku akaingiza namba, jina likatokea la mtu mwingine, utaeleza mpaka usiku wa manane. Kusimamishwa kwenyewe kuzoee, sisi weusi tunasimamishwa zaidi. Kuwa mpole, toa kadi, maliza, nenda.

Simu mkononi huku unaendesha ni kosa, adhabu yake ilikazwa Novemba 2024, na kuendesha ukiwa umekunywa hata zaidi. Mwamvuli mkononi pia wanakataza.

Wanariadha wetu nao nimeona wakisimamishwa na baiskeli. Nchi hii inawajua Wakenya kwa mbio, Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai kabla ya dhahabu yake ya Beijing 2008, lakini afande wa usiku haangalii mbio.

Dogo_Udom

Mkuu Mkaa, nakuja Oktoba inshallah. Vitu gani nisibebe? Mama anataka kunifungia nyama ya kukausha na maharage.

MkaaSaitama

Nyama mwambie mama asijisumbue. Nyama ya aina yoyote, mbichi, kavu, soseji, bila cheti cha ukaguzi wa mifugo hairuhusiwi, na kuificha ni kosa la jinai: hadi miaka mitatu jela au faini ya yeni milioni tatu. Uwanjani kuna mbwa wa kunusa wanaozunguka kwenye mabegi. Maharage, karanga mbichi, matunda na mbegu vinataka cheti cha afya ya mimea kutoka nyumbani. Maharage yapo huku, achana nayo.

Dawa: za kuandikiwa na daktari unaruhusiwa za mwezi mmoja. Zikizidi unaomba mapema karatasi inaitwa Yunyu Kakunin-sho. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 haziingii, na zenye amfetamini haziingii kabisa hata uwe na barua ya daktari. Bangi nadhani sina haja ya kueleza. Tangu Desemba 2024 hata kuvuta kwenyewe ni kosa.

Umeme ni volti 100 na plagi ya pini mbili bapa. Chaja ya simu na ya kompyuta zitafanya kazi, unahitaji adapta tu. Pasi na birika la nyumbani viache, hapa vitakuwa vuguvugu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jiko la wali utakalonunua huku likichomekwa Dodoma kwenye 230 litaungua siku hiyohiyo. Ukitaka zawadi ya umeme, nenda maduka ya Akihabara, Tokyo, yanayouza vifaa vya nje.

WhatsApp huku haipo kwenye maisha ya watu. Wote wako LINE: chuo, bosi, dalali wa nyumba. Isajili ukishapata namba. Lugha anza sasa hivi, katakana na hiragana uzimalize kabla ya Oktoba. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bure kabisa.

Mama_Pacha

Na tetemeko? Juzi simu zote zimelia kwa pamoja usiku, watoto wamelia, mimi nimekimbilia nje pekupeku.

MkaaSaitama

Nje usikimbilie. Vigae na vioo vinaangukia nje. Ukisikia mlio ule una sekunde chache: ingia chini ya meza, shika mguu wake, linda kichwa. Ikitulia fungua mlango wa kutokea ubaki wazi, kwa sababu fremu ikipinda haufunguki tena. Viatu viwe karibu na kitanda kila usiku, sakafu huwa na vioo.

Gesi itajizima yenyewe. Watu wengi wanadhani imeharibika wanapiga simu na kusubiri nusu siku. Nenda kwenye mita nje ya mlango, taa nyekundu itakuwa inawakawaka. Zima majiko yote na kama hakuna harufu ya gesi, bonyeza kitufe cha kurudisha, subiri dakika tatu bila kugusa kitu, taa ikizimika umemaliza.

Ukiwa unaishi pwani na tetemeko limekuwa refu, usisubiri tangazo, panda juu. Na ili ndugu wajue mko salama laini zikizidiwa, kuna namba 171 ya kuacha ujumbe wa sauti. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 119, na gari lenyewe ni bure. Kwa homa ya kawaida anza kliniki ya mtaani. Ukienda hospitali kubwa bila barua ya rufaa unatozwa yeni 7,000 au zaidi juu ya matibabu.

Msemakweli_Osaka

Haya, nimalizie moja ya maana kwa waliopata kazi. Kodi ya makazi, juminzei. Mwaka wa kwanza hukatwi, unajiona tajiri, unatuma hela nyumbani kila wiki. Juni ya mwaka wa pili inashuka, kama asilimia 10 ya kipato cha mwaka uliopita, na mchango wa bima nao unapanda kwa wanaolipa wenyewe. Ukiacha kazi kabla ya hapo bili inakufuata kwa posta mpaka mlangoni. Wekeni pembeni kila mwezi. Mnaotaka ukaazi wa kudumu, uhamiaji wanaangalia kama kodi na pensheni mlilipa kwa wakati, si kama mlilipa tu.

Na ukiondoka moja kwa moja, pensheni uliyochangia angalau miezi sita unaweza kudai sehemu yake. Dai ndani ya miaka miwili, wanahesabu isiyozidi miaka mitano.

Kapuku_Msafiri

Swali la mwisho wakuu, la kijinga kidogo. Mke wangu anataka kupanda Mlima Fuji na mimi nataka kuoga zile chemchemi za moto. Na viatu vya kupandia tununue huku au huko?

BintiMkunazini

Chemchemi hakuna nguo ya kuogelea, wanaume upande wao, wanawake wao. Unakaa kwenye kistuli unajisugua na kujisuuza kwanza, ndipo unaingia majini, na kitaulo kisiguse maji. Mwenye tatuu aulize mlangoni. Mimi hukodi chumba cha familia, kipo hoteli nyingi za chemchemi, unajifungia.

MkaaSaitama

Fuji njia zinafunguliwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, tangu 2025 ada ni yeni 4,000 kwa mtu. Mita 3,776. Mwenye Kilimanjaro kwao sijui anatafuta nini, lakini sawa, kateni nafasi ya kulala kibandani mapema.

Viatu njooni navyo. Vya kiume madukani vinaishia sentimita 28, kama 44 ya kwetu, na vya kike vinakwisha mapema zaidi. Mwenye 45 kwenda juu atazunguka siku nzima. Na soksi ziwe nzima, utavua viatu mara nyingi kwa siku.